Bibi wa Chumba cha Giza: Soma kibandiko kwanza, ndipo usifie

Toleo lililopita niliandika hapa kwamba mtu anayezunguka maonyesho ya mpiga picha mmoja bila kusoma vibandiko vya ukutani anaona nusu tu ya kilichopo. Baadhi yenu mmenuna. Mmoja kaniambia nimezeeka, ndiyo maana nataka watu wasome badala ya kutazama. Kuzeeka, kweli nimezeeka. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, nikisafisha negativu za watu wengine, yaani filamu ambazo picha za karatasi hutolewa kwazo, kisha nikawa natundika picha zao kwenye kuta za makumbusho, na kwa tabia hiyo macho yangu hufika kwenye karatasi kabla hayajafika kwenye sura. Barua nilizochagua leo ni zile zinazonipa nafasi ya kujitetea.

Shikamoo Bibi. Nina kitabu cha picha za Ansel Adams, yule mpiga picha wa Marekani, na kwa miaka nimeipenda ile ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez. Kitabuni anga lake ni jeusi tii. Karibuni nimeiona kwenye maonyesho ya kazi zake, na anga ni la kijivu, limejaa mawingu mepesi, hata nikadhani wameweka picha ya siku nyingine. Ipi ndiyo ya kweli?
*Mwanafunzi wa uchoraji*

Marahaba mjukuu wangu. Zote mbili ni za kweli, na zote zimetoka kwenye negativu moja, maana ya pili haipo.

Adams alikuwa safarini New Mexico jioni moja ya vuli ya 1941 alipouona mwezi umepanda juu ya kijiji, na jua la mwisho bado linagusa misalaba ya makaburini. Akasimamisha gari, akatega kamera yake kubwa, ile inayotumia filamu ya inchi 8 kwa 10, akatafuta kipima mwanga asikione. Lakini mwanga wa mwezi ni kiasi alichokuwa amekihifadhi kichwani. Akapiga hesabu kuanzia hapo, akafyatua. Alipogeuza kishikio cha filamu ili apige ya pili, jua lilikuwa limeshaondoka kwenye misalaba. Basi.

Sasa njoo chumba cha giza. Negativu ile ilimsumbua. Sehemu ya chini, penye makaburi na nyumba, ilikuwa hafifu mno, na angani mlikuwa na mawingu asiyoyataka. Nakala alizosafisha miaka ya mwanzo zina anga la wastani, na mawingu unayaona. Mwaka 1948 aliichukua negativu yenyewe akaitia dawa ya kuiongezea uzito upande wa chini tu, jambo ambalo mimi nisingethubutu, kwa sababu dawa ikiharibu negativu hakuna pa kukimbilia. Kisha mwaka hadi mwaka akawa anaongeza mwanga wa mashine ya kukuzia kwenye anga, na kadiri mwanga unavyozidi ndivyo karatasi inavyozidi kuwa nyeusi. Kufikia nakala za uzeeni mawingu yote yamezama, mwezi umebaki peke yake. Katika maisha yake alisafisha picha hiyo zaidi ya mara 1,300.

Wasioijua kazi hii wanadhani picha nyeusi na nyeupe inatoka yenyewe. Unasimama kwenye mashine, mwanga unaangukia karatasi iliyo mezani, na mkononi umeshika kipande cha kadibodi ulichokikata mwenyewe. Unakiweka katikati ya mwanga na karatasi, ukikitikisa polepole bila kukoma, maana ukikituliza tu kitaacha alama ya ukingo wake. Nyumba unazikinga, anga unaliachia sekunde zaidi, mwezi unauzunguka. Ukizubaa, mwezi unageuka kijivu na karatasi inakwenda kwenye ndoo. Adams, ambaye ujanani alisomea piano, alilinganisha negativu na noti zilizoandikwa, na nakala ya karatasi na upigaji wenyewe wa muziki. Sina la kuongeza hapo.

Kwa hiyo rudi ukasome kibandiko. Kama maonyesho yameandaliwa vizuri utakuta miaka miwili: mwaka picha ilipopigwa na mwaka nakala iliposafishwa. Mwaka wa pili ndio watu wanauruka. Hiyo ya kijivu uliyoiona bila shaka ni ya mapema, na mimi ningesimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya ile nyeusi maarufu, kwa sababu hapo unamwona mtu ambaye bado hajaamua.

Bibi, macho yangu si yale ya zamani, nimechoka na giza la makumbusho. Picha nzuri kabisa zinatundikwa kwenye chumba ambamo huwezi hata kusoma saa ya mkononi. Wanabana umeme?
*Mstaafu*

Ndugu yangu, umri wetu hauachani sana, nakuelewa. Wanabana mwanga. Mwanga unaokuwezesha kuiona picha ndio unaoila, na madhara yake hujumlishwa: karatasi hairudishi ilichopoteza eti kwa sababu imepumzishwa gizani. Chumba chenye mwanga mara kumi kinaila picha kwa saa moja kiasi ambacho chumba hafifu kingekila kwa saa kumi. Kwa picha dhaifu, kama zile za karne ya 19 zilizosafishwa kwenye karatasi ya ute wa yai, na nyingi za rangi, majumba mengi hushikilia luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga). Ofisi ya kawaida ina luksi 300 hadi 500, sasa linganisha mwenyewe. Nyeusi na nyeupe za karne ya 20, za karatasi ya jelatini na fedha, zina uvumilivu, hizo huweza kupewa luksi 100 au zaidi. Na ndiyo sababu maonyesho hukaa miezi michache tu, kisha picha zinarudi kabatini kwa miaka. Za rangi zina balaa lake la ziada: nyingi hufifia hata zikiwa gizani, hivyo wenye uwezo huzihifadhi kwenye vyumba vya baridi.

Cha kufanya: simama chumba cha kwanza dakika kadhaa bila kutazama chochote. Macho ya umri wetu hukawia kuzoea giza, lakini huzoea. Na simu iache mfukoni, maana mwanga wake ukikuingia machoni unaanza upya. Watu hunilalamikia kuhusu flashi nao. Madhara ya flashi moja kwa picha ni madogo kuliko tulivyotishwa. Inayoudhi ni ile inayonipiga usoni nikiwa nimeshazoea.

Shikamoo Bibi. Baba yangu alikuwa mpiga picha wa studio maisha yake yote. Harusi, watoto, pasipoti. Hakujiita msanii hata siku moja. Juzi nimeona maonyesho ya Seydou Keïta wa Mali: wateja wake wa studio wamekuzwa wakawa wakubwa kama mimi, wametundikwa kwenye kuta nyeupe. Nilifurahi na kuudhika kwa pamoja. Wale watu walikwenda kupiga picha ya kuweka nyumbani. Nani aliyeamua kwamba ni sanaa?
*Binti wa mpiga picha*

Marahaba mwanangu. Hii ndiyo barua iliyoninyima usingizi, basi nijibu kwa urefu.

Keïta alizaliwa Bamako mwanzoni mwa miaka ya 1920, akajifunza useremala wa samani. Kamera yake ya kwanza, Kodak ndogo, aliletewa na ndugu wa familia kutoka Senegali mwaka 1935. Mwaka 1948 akafungua studio mjini humo, karibu na gereza kuu. Alipiga mara nyingi uani kwa mwanga wa jua, kwa kamera kubwa ya filamu ya sentimita 13 kwa 18, na kwa kawaida mteja mmoja alipata pigo moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Fikiria hilo unapotazama jinsi mikono ya wateja wake ilivyokaa. Hakuna "tupige nyingine". Anakuweka, anakuinua kidevu, anakugeuza kidogo bega, kisha basi.

Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani, lenye vishada pembezoni. Likachakaa akaleta lingine, na lingine, kila baada ya miaka michache. Uzeeni, alipoulizwa picha fulani ni ya mwaka gani, aliangalia pazia akajibu. Ukienda tena kwenye maonyesho, fuata mapazia. Utaiona miaka ikipita nyuma ya vichwa vya watu. Studioni pia aliweka suti za kuazimisha, saa, kalamu, redio, hata skuta, na mteja akachagua anavyotaka kuonekana. Kama baba yako alikuwa na koti moja la akiba nyuma ya mlango, anaijua hiyo kazi.

Sasa ukubwa. Keïta alizisafisha kwa kulaza negativu juu ya karatasi, hivyo picha ikatoka saizi ya negativu: 13 kwa 18. Kitu cha kushikwa mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya uhuru wa Mali, alichukuliwa kuwa mpiga picha wa serikali na studio ikafungwa. Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilionyeshwa New York katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, na kwenye kibandiko pa jina pakaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Alikuwa hai, yuko Bamako, na mji ulimjua. Waliokwenda kumtafuta walimkuta na maelfu ya negativu zake amezitunza. Mwaka 1994 akapewa maonyesho yake mwenyewe Paris, akiwa na miaka sabini na ushei, na hapo ndipo zikaanza kusafishwa Ulaya nakala kubwakubwa, nyingine zaidi ya mita moja. Hizo ndizo zilizokusimamia usawa wa uso.

Mimi, kwa kazi niliyofanya, moyo wangu uko kwa zile ndogo. Zimekunjika pembe, nyuma zina muhuri wa studio, nyingine mtu amezipaka rangi kidogo kwa mkono. Zinakuambia zilikokaa. Lakini siwezi kukudanganya kwamba nakala kubwa alilazimishwa. Alipoziona negativu zake zimekuzwa, safi bila madoa, alifurahi mno, akasema ndipo alipojua kazi yake ilikuwa nzuri kweli. Na kuna vitu ambavyo ukubwa ndio unavionyesha. Kuna picha ya mwanamke aliyejilaza, amevaa nguo ya mapambo, chini yake shuka la mirabaraba, nyuma yake pazia la nakshi. Vitambaa vitatu, kila kimoja na kelele yake, na uso wake katikati hautetereki. Katika sentimita 18 unaona mwanamke kajilaza. Katika mita moja unaona alivyozipanga zile kelele tatu zisimmeze.

Msimamizi wa maonyesho akiniuliza, namwambia tundika zote mbili chumba kimoja, ndogo kwenye kabati la kioo na kubwa ukutani, na vibandiko viseme wazi ipi ilisafishwa na nani, lini. Anayetundika kubwa peke yake, bila kusema ni za miaka ya 1990, anamfanya mtazamaji aamini kwamba Keïta alifanya kazi kwa ajili ya ukuta wa makumbusho.

Nani aliamua? Ukiuliza nani alianza kuamua, ni mteja. Alilipa, akaenda nayo nyumbani, akaiweka mahali pa heshima, akamleta shemeji yake wiki iliyofuata. Mtu aliyepiga maelfu ya watu wa mji wake kwa namna hiyo alikuwa ameshapimwa kabla Paris haijasikia jina lake. Ningekuomba pia, siku ukipata nafasi, uangalie kazi ya mpiga picha jirani yake wa Bamako, Malick Sidibé, aliyepewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2007 kwa kazi ya maisha, Mwafrika wa kwanza kupewa. Usikimbilie zile picha zake za vijana wakicheza dansi. Tafuta yale majalada ya kadibodi: picha ndogondogo za sherehe moja amezibandika kwa mistari, kila moja na namba, ili waliocheza usiku waje studioni wachague. Kwangu hakuna kitu kwenye maonyesho yake kinachoyashinda. Ni orodha ya mauzo, na ni usiku mzima wa watu umelazwa kwenye karatasi moja.

Bibi, Vivian Maier hakumwonyesha picha zake karibu mtu yeyote hadi anakufa. Tuna haki gani ya kupanga foleni kuzitazama?
*Msomaji asiyetaka kutajwa*

Kwa wasiomjua: alizaliwa New York 1926, akafa eneo la Chicago 2009, riziki yake ilikuwa kulea watoto wa watu. Muda wote huo alitembea na kamera, mara nyingi Rolleiflex, ile unayoinama kuangalia kwa juu ikiwa kifuani, na aliacha negativu zaidi ya 100,000. Mikanda mingi ya filamu hakuisafisha kabisa. Mwaka 2007, yeye akiwa bado hai, vitu vyake vilivyokuwa ghalani viliuzwa mnadani kwa sababu kodi ya chumba haikulipwa. Hivyo ndivyo negativu zilivyofika mikononi mwa wageni.

Kwanza sheria, kwa kuwa wengi huchanganya. Kununua boksi la negativu hakukupi hakimiliki ya picha zilizomo. Umenunua filamu, na haki ya kuzinakili inabaki kwa aliyepiga, kisha kwa warithi wake. Ndiyo maana suala la nani mrithi wa Maier lilifika mahakamani Chicago mwaka 2014.

Kuhusu kutazama, mimi hutazama, nisijifanye mtakatifu. Hakuzichoma, na alikuwa na miaka mingi ya kuzichoma. Ila sikubali kabisa tangazo linaloniambia hapa nitaona "Maier alivyoiona dunia". Mpiga picha huchagua mara mbili: anapofyatua, na anapokaa na negativu zake akaamua ipi isafishwe, ikatwe wapi, iwe kubwa kiasi gani. Kazi ya pili ndiyo inayochuja. Kwa Maier, sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na watu ambao hawakuwahi kukutana naye, na kuna mikanda ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuona kilichomo. Wamechagua zilizowapendeza. Huenda yeye angechagua zile za kuchosha.

Mlinganishe na Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitekwa na Wajerumani, na huko New York jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa likaamini amekufa, likaanza kumwandalia maonyesho ya marehemu. Kumbe alitoroka, yuko hai. Akazisafisha picha mwenyewe, zaidi ya 300, ndogo ndogo, akavuka nazo bahari mwaka 1946, akazibandika kwenye daftari ili wachague pamoja. Maonyesho ya marehemu yakafunguliwa mwanzoni mwa 1947 na marehemu yumo. Dorothea Lange, mpiga picha wa Marekani, naye alikuwa mgonjwa sana alipokuwa akichagua na kupanga picha za maonyesho yake kwenye jumba hilohilo. Alifariki Oktoba 1965, milango ikafunguliwa Januari 1966 bila yeye. Lakini ukitembea kwenye vyumba vile, mpangilio ulikuwa na mkono wake.

Kwa hiyo nenda kamtazame Maier, ukitafuta kibandiko kinachosema nakala ilisafishwa na yeye au enzi za uhai wake. Zipo, ni chache ukilinganisha na negativu, ni ndogo. Anzia hapo.

Kwa kuwa umemtaja Lange mara nyingi kwenye safu hii: yule mama wa picha ya "Mama Mhamiaji", mwenye watoto wamemfichia nyuso mabegani, alipata nini?
*Mwalimu*

Picha yenyewe haikumlipa kitu, na alilisema hilo mwenyewe kwa uchungu. Picha ilipigwa Machi 1936 kwenye kambi ya wavuna njegere huko Nipomo, California. Mama yule alikuwa na miaka 32. Lange hakumwuliza jina, na dunia haikulijua mpaka 1978, alipojitokeza: Florence Owens Thompson. Lange alikuwa akiifanyia kazi serikali ya Marekani, kwa hiyo picha ni mali ya umma, kila mtu ameitumia, na hata Lange hakuvuna mrabaha wake. Mwaka 1983 Thompson alipougua, familia iliomba msaada hadharani, na watu wasiomjua wakatuma maelfu ya dola. Alifariki mwaka huohuo.

Kwa wapenzi wa karatasi kuna hili. Tazama kona ya chini kulia. Kwenye nakala za mwanzo kuna kidole gumba kimeshika nguzo ya hema, kikubwa, kimetiwa ukungu. Kilimkera Lange, akataka kifutwe kwenye negativu, na miaka michache baadaye kikafutwa, japo ukikaza macho kivuli chake bado kipo. Kidole kikionekana wazi, uko mbele ya nakala ya kabla ya kufutwa. Nimesimama na watu wazima wakibishana kona ile kama watoto, nami nikiwemo.

Ila siku hizi kitu cha kwanza ninachokagua kwenye kibandiko cha picha hiyo ni kama jina la Thompson limeandikwa. Tunalijua tangu 1978. Jumba linaloandika "mama mhamiaji" na kuishia hapo linanikasirisha kuliko lililosahau mwaka wa nakala.

Ya haraka haraka

*Kioo kinarudisha taa, sioni kitu.* Vaa nguo nyeusi na usimame kimshazari. Shati jeupe ndilo unaloliona kwenye kioo. Usimtukane fundi wa fremu.

*Muda gani unatosha?* Picha mia moja na zaidi hakuna jicho linaloweza. Pita vyumba vyote kwa mwendo wa kawaida, kisha rudi kwa chache zilizokung'ang'ania. Nyingine utazisahau hata ukizikodolea.

*Je, picha iliyokatwa ni udanganyifu?* Cartier-Bresson alichukia kukatiwa picha zake, ila ile ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare, Paris, ya 1932, ameikata. Alipiga kupitia uwazi wa uzio, na ubao ukaingia pembeni. Sasa niambie, angeiacha na ubao?

*Kwa nini huandiki kuhusu picha za simu?* Zikisafishwa kwenye karatasi zikatundikwa, nitaandika.

Bibi, shikamoo. Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka jana. Alikuwa mpiga picha, na ameacha maboksi ya negativu yamejaa chumba. Natamani siku moja afanyiwe maonyesho. Niliambiwa nipige skani zote kisha nitupe, zinachukua nafasi. Nianzie wapi?
*Mdogo wake*

Marahaba, na pole sana mwanangu. Usitupe kitu. Aliyekuambia hivyo usimpe ufunguo wa chumba hicho.

Usianze na skani. Kabla hujagusa boksi lolote, lipige picha lilivyo na lilipo: lipi liko juu ya lipi, limeandikwa nini ubavuni, bahasha zimefuatanaje. Mpangilio wa marehemu ni maelezo aliyokuachia, na ukishauvuruga haurudi. Yape maboksi namba kwa penseli kufuata ulivyoyakuta. Baada ya hapo tafuta karatasi zake za kontakti, zile zenye picha za mkanda mzima kwa saizi ndogo. Kama alikuwa na tabia za wengi wetu, utakuta amezichora kwa kalamu nyekundu: kisanduku kwenye anayoitaka, mkasi kwenye anayoikataa, mstari panapotakiwa kukatwa. Karatasi moja yenye alama zake ina thamani kubwa kwa atakayeandaa maonyesho kuliko skani elfu. Ndiyo kazi ya pili niliyokuwa nikiisema kwa Maier, na kaka yako ameifanya mwenyewe.

Negativu zishike kwa kingo, mikono mikavu. Raba za kufungia zitoe, mifuko ya plastiki laini inayonata itoe, weka kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi. Zilizogandana usizibandue. Ziweke sehemu kavu, yenye ubaridi, pasipo jua, wala si darini wala si sakafuni. Majina ya watu waliomo yaulize sasa, kwa wazee waliofanya naye kazi, ukiandika jibu la kila mmoja na namba ya bahasha. Skani itangoja, wao sijui.

Na nusa. Ukifungua boksi ukakutana na harufu kali ya siki, filamu ya asetati (aina ya plastiki) imeanza kuoza, na mvuke wake huyaozesha yaliyo karibu. Litoe hilo leo, likae peke yake penye hewa, na hilo ndilo liwe la kwanza kupigwa skani. Ukikuta za zamani sana, za kabla ya miaka ya 1950, zina rangi ya kahawia na zinanata, huenda ni za nitreti, na hizo hushika moto vibaya sana. Usiziweke ndani mnamolala, usijaribu kuzipasha wala kuzimulika kwa taa ya moto. Wasiliana na hifadhi ya nyaraka iliyo karibu kabla ya kuzihamisha, kisha niandikie wamekuambia nini.